Abiria wa Mtende wa Dhawia

Siku hizi wakimtaja Lazhari bin Khelifa wanashusha sauti, utadhani walikuwa wakimsikiliza alipokuwa hai. Mimi nilikuwa jirani yake miaka hamsini, mashimo yetu ya mitende yakitenganishwa na mgongo mmoja wa mchanga, na ninasema wazi: alikuwa mbishi, hakuna siku aliyokubali kushindwa maneno, na akishakula kitunguu alikuwa anakusogelea makusudi. Nilimpenda hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa kubeba mchanga. Sisi watu wa Suf, huku jangwani, hatumwagilii mitende. Tunachimba shimo katikati ya vilima vya mchanga, shimo la kumeza nyumba tano, mpaka tuyakaribie maji yaliyo chini. Mtende tunaupanda huko chini kabisa na kuuacha mizizi yake ijinywee yenyewe. Ukishafika hapo imebaki kazi moja tu, nayo haiishi: upepo unarudisha mchanga shimoni, wewe unautoa. Lazhari alilishika kapu akiwa hajaota ndevu, akaliacha akiwa amebakiwa na meno manne. Alfajiri anashuka, anajaza, anatupa kapu begani, anapanda ule mteremko unaomeza mguu mpaka gotini, anavuka mgongo, anamwaga ng'ambo ambako upepo hauwezi kuudai tena. Kisha anarudi kuchukua lingine.

Dereva mmoja wa lori kutoka kaskazini aliwahi kusimama ukingoni kumtazama, akamwambia, "Mzee, mbona hii kazi ya wendawazimu? Unatoa leo, kesho umerudi."

"Na wewe hilo gari umeliosha mara moja tu tangu ulinunue?" Lazhari akamuuliza. "Maana linaonekana."

Huyo ndiye Lazhari.

Juu ya mgongo tulikuwa tunachomeka makuti makavu, mstari mzima. Mgeni anadhani mchanga unaruka juu angani. Kinachoruka juu ni vumbi. Mchanga wenyewe unakimbia chini chini, haupiti goti, na ukiusimamishia makuti unachoka na kulala papo hapo. Mwaka unaofuata makuti yamezama, unachomeka mengine juu yake, na kilima kinaendelea kukua. Mgongo uliokuwa kati yangu na Lazhari aliuanzisha marehemu baba yangu. Kwa desturi yetu hakuna mtu anayeng'oa kuti hata moja bila jirani kukubali, kwa sababu unapofungua wewe, mchanga unamwingilia mwenzako. Nimeona mashemeji wakinuniana mpaka kaburini kwa ajili ya kuti moja.

Sasa, katika mitende yote ya Lazhari kulikuwa na mmoja ambao si wake. Ulikuwa wa mkewe, Dhawia bint Hafnawi. Mwaka alipoolewa alikula tende, kokwa akalitupa kwenye kona ya jikoni karibu na mtungi, likaota. Kila mtu hapa anajua kokwa la tende ni bahati nasibu: mara nyingi unapata mtende dume, au unapata tende za kulisha mbuzi. Lazhari alitaka kuung'oa. Bibi harusi akakataa, akaubeba mwenyewe kwenye sufuria mpaka shimoni, akaupanda. Ulipozaa, baada ya miaka saba, watu walikuja kuonja, kesho yake wakarudi. Tende nyekundu iliyokoza, ganda jembamba, tamu, halafu mwishoni inakuachia ukakasi kidogo ulimini, ukatamani nyingine. Haikuwepo Suf nzima, wala pengine.

Lakini mtende kama huo huwezi kuuendeleza kwa kokwa lake. Ukipanda kokwa unapata kitu kingine kabisa. Ni mpaka mti wenyewe uzae mtoto, yaani chipukizi, kwenye shina lake, ndipo umkate mtoto huyo na mizizi yake, umpande kwingine. Na mtende wa Dhawia haukuzaa mtoto. Miaka ishirini, thelathini, hakuna. Ulipokwisha kuwa mzee ndipo akatokea mmoja, naye katokea pabaya: juu ya shina, mbali na ardhi, mtu mrefu akinyoosha mkono hamfikii. Hao tunawaita abiria. Hawana mizizi kwa sababu hawana mchanga wa kuishika, wanakaa tu kumnyonya mama yao. Mkulima mwenye akili anamkata.

Lazhari alikuwa ameshapanda na mundu wake. Dhawia alikuwa chini, mikono kiunoni.

"Ukimgusa, leo utajipikia."

"Anamnyonya mama yake, we mwanamke."

"Na wewe ulimnyonya wako. Shuka."

"Bint Hafnawi, mti utadhoofika huu."

"Baba Mbarka, nimesema shuka."

Akashuka. Mbarka ni binti yao mkubwa, wakati huo alishaolewa mjini Biskra, na wadogo zake wawili vilevile. Nyumbani walibaki wazee wawili na kelele zao.

Mambo yaliharibika ule mwaka ambao mji ulimaliza kutandaza mabomba. Makuti ya mitende ya Lazhari yalianza kuwa ya njano. Alikuja kuniita, tukasimama shimoni tukitazama juu, na mimi, Mesbahi, ninayejua kila kitu, nikafungua mdomo.

"Kiu hiyo," nikasema. "Maji yameshuka. Chimba."

Usinicheke. Kwetu, tangu mababu, mtende ukiwa njano maana yake maji yameukimbia, na dawa yake ni kutoa mchanga na kuushusha chini uyafuate. Hakuna aliyewahi kufundishwa vingine. Lazhari alichimba majira yote ya baridi. Alitoa mchanga wa kina cha dhiraa moja na nusu shimo zima, kapu kwa kapu, na mimi nilimsaidia huku nikijisifu. Mitende ikazidi kuwa njano. Kufikia mwezi wa tatu mchanga wa chini ulikuwa umelowa. Mwezi wa tano unang'aa. Kabla ya mavuno tulikuwa tunatembea ndani ya maji mpaka gotini.

Haikuwa kiu. Mitende ilikuwa inazama, na sisi tulikuwa tumeisukuma chini.

Baadaye tulielewa. Watu wa mji walikuwa wamechimba visima virefu sana, maji ya kale yakapandishwa, kila nyumba ikapata bomba, kila mtu akaoga na kumwaga. Nilipokuwa jeshini Aljeri, mji mkuu, niliona mto kwa macho yangu, maji machafu yanaingia humo yanakwenda zao baharini. Sisi hatuna mto. Hapa maji ukiyamwaga yanazama mchangani na kubaki huko huko, mwaka juu ya mwaka, mpaka yakaanza kupanda kututafuta. Shimo langu ndilo lililotangulia kufa. Yakaota matete, wakaja mbu, wakaja vyura, na wazee wazima walikwenda kumtazama chura. Nikafunga habari za mitende, nikafungua duka.

Siku moja kwenye mkahawa mtu akamuuliza Lazhari mbele ya watu wote, "Hivi nani alikushauri uchimbe wakati kama ule?"

"Akili yangu mwenyewe," Lazhari akajibu.

Nilikuwa nimekaa karibu yake, glasi ya chai mkononi. Niliinywa ile chai mpaka ikaisha na nikaondoka, na ule uoga nimeishi nao miaka mingi kuliko nilivyoishi na mke wangu wa kwanza.

Mitende ikafa mmoja mmoja. Ukabaki wa Dhawia. Sijui kwa nini ulibaki; labda ule ukaidi wa mwenye mti. Lakini nao ulikuwa umeanza kuinama kichwa, na ukifa, abiria wake anakufa naye, na tende ile imekwisha duniani.

Ndipo Lazhari akaingia dukani kwangu asubuhi moja akiwa na jiwe, akaliweka juu ya mkate wangu. Lilikuwa lile jiwe letu la chini ya mchanga, lililojikunjua vipande vipande mithili ya ua.

"Toa uchafu kwenye mkate," nikamwambia. "Kama unauza, watalii wako sokoni."

"Nimelitoa kwenye ukuta wa shimo. Kuna tabaka lake zima limezunguka shimo lote, sawasawa, juu ya maji kiasi cha dhiraa mbili. Unajua linaoteshwa na nini?"

"Na Mungu."

"Na Mungu, kwa maji. Maji yanapanda mchangani, yanakauka, yanaacha hili. Yakipanda tena, linanenepa. Kwa hiyo maji yalishawahi kufika pale, Mesbahi, zamani kabla ya babu zetu. Yanarudi kwao. Yatafika pale na hayatazidi sana."

"Basi hongera kwa maji."

Akavuta gunia la sukari akalikalia. Akaanza kuniambia polepole, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Mchanga ukijaa shimoni ukapita lile tabaka la mawe, ukaendelea mpaka ukafika kwenye miguu ya abiria, abiria atapata mchanga wa kuotea mizizi, mkavu juu, unyevu chini. Shina la mama nalo litaota mizizi mipya humo, limlishe mtoto mpaka ajitegemee. Lakini huo ni mchanga wa maisha matatu ya mtu kuubeba. Yeye hana maisha matatu.

"Nani atauleta basi?"

"Aliyekuwa anauleta siku zote," akasema. "Nataka tufungue mgongo."

Nilimfukuza. Sitaki kujipamba: nilimwambia mgongo ule umesimama kwa mikono ya baba yangu, kila kuti, na kwamba amezeeka vibaya. Akanitazama. "Baba yako aliuweka uikinge mitende," akasema. "Iko wapi?" Akachukua jiwe lake akaenda zake bila kugombana. Afadhali angegombana.

Kesho yake akaja Dhawia. Alivaa vizuri, akasimama mbele ya meza.

"Sikuja kukubembeleza. Nipe chumvi."

Nikampimia chumvi. Hakuondoka.

"Ule mti ulitoka kinywani mwangu, Mesbahi," akasema. "Kuti la katikati limeanza kulala."

Akachukua chumvi yake akatoka. Nilisubiri aseme lile lingine. Kama mumewe alimwambia ukweli wa kuchimba, ndiyo ilikuwa saa yake ya kunitupia usoni, na hakulitupa, nikajipa moyo kwamba hajui. Hata hivyo mikono yangu ilikosa kazi. Saa sita mchana nikafunga duka, nikapanda ule mgongo wa mchanga wa baba yangu, nikang'oa kuti la kwanza kwa mkono wangu. Kulia sikulia, lakini niliomba radhi kwa sauti, na sioni aibu kusema.

Upepo wa magharibi ulikuja mwezi wa tatu ukavuma siku tatu mfululizo. Tuliketi ukingoni, Lazhari na mimi, vilemba vimefunika nyuso, tukiutazama mchanga ukiteleza kupitia pengo na kumwagika shimoni, bila kelele, bila kupumzika. Alikuwa ameutoa ule mchanga miaka sitini. Nikaona mabega yake yanatikisika.

"Unalia?"

"Mchanga umeniingia machoni."

"Umeishi nao maisha yako yote, ndio leo ukakuingia machoni?"

"Nyamaza, Mesbahi. Naangalia kazi yangu."

Mtu unamwona anatazama umri wake wote unarudishwa ulikotoka, utamwambia nini?

Kufukia kulikuwa rahisi, upepo ulirudi tena na tena. Taabu ilianza mchanga ulipofika kwenye miguu ya abiria. Pale tulitaka usimame, maana mtende, mkubwa kwa mdogo, una moyo wake, ile ncha ya katikati inakotokea makuti mapya. Ukifukiwa moyo, unaoza na habari imekwisha. Tukarudisha makuti mgongoni haraka haraka. Upepo haujui tumeshatosheka. Kila asubuhi Lazhari alishuka na kapu lake la zamani kumfukua abiria, mzee wa miaka sabini na kitu, akipanda mteremko kwa kupumzika mara nne. Nilimfuata na kapu langu. Nilikuwa sijabeba tangu nifungue duka, na nilikoma.

Halafu siku ya mwisho ya ule msimu upepo uligeuka ghafla, ukapiga kutoka upande ambao hatukuwa na makuti. Ulipotulia adhuhuri, abiria hakuwepo. Kulikuwa na uwanja laini wa mchanga, na kichwa cha mama yake kimetokeza katikati.

Lazhari alipiga magoti akaanza kufukua kwa mikono. Koleo alikataa, koleo lingekata moyo. Mimi nikaanza upande wangu. Dhawia akashuka, wala hatukumwita, akafunga mtandio wake kiunoni, akaanza upande wake. Mchanga mkavu unachota kiganja kimoja, vinaanguka viwili.

Dhawia ndiye aliyemfikia. Akatia vidole katikati ya makuti madogo, akaishika ile ncha nyeupe, akaibonyeza.

"Vipi?" Lazhari akauliza. Hakuwa anatazama.

"Mgumu," akasema mkewe. "Moyo bado mgumu."

"Una uhakika?"

"Nimekaa na wewe miaka hamsini, sitajua kitu kigumu?"

Tulicheka mpaka tukakohoa, wazee watatu ndani ya shimo lililofukiwa.

Maji yalipanda kiangazi kile ndani ya mchanga mpya. Lazhari alichimba kijishimo pembeni cha kupimia, na kila Ijumaa alishusha kijiti. Yalifika kwenye tabaka la mawe, yakapita kidogo, upana wa vidole vinne, yakasimama. Alilitangaza hilo mkahawani kana kwamba yeye ndiye aliyeyaamuru.

Tulingoja miaka miwili. Kiangazi cha pili mtende wa mama ukaangusha kichwa, makuti yakakauka yote, ukafa. Ndipo ilibidi tujue. Kama abiria alikuwa bado ananyonya tu, basi amekufa na mama yake, hata kama bado ni kijani. Kama ameota mizizi, anaishi. Lazhari alichimba ubavuni mwa abiria mpaka urefu wa mkono, kisha akakaa kitako.

"Tia mkono wewe," akaniambia.

"Kwa nini mimi?"

"Mimi vidole vyangu vimekufa ganzi."

Mwongo. Vidole hivyo ndivyo vilivyochimba mpaka hapo. Nikalala kifudifudi, nikatia mkono mpaka begani, nikapapasa chini ya shina la mtoto. Mchanga ulikuwa baridi na unyevu. Nikagusa mzizi. Nikagusa mwingine, mnene wa kidole gumba. Ilikuwa mingi, imeshika mchanga barabara, sikuweza hata kuupenyeza mkono.

"Ipo," nikasema.

Lazhari alichukua kilemba chake akajifuta uso, akajifuta tena, kisha akaanza kufukia pale tulipochimba, taratibu, akipigapiga mchanga kwa kiganja.

Alifariki mwezi wa kwanza, majira ya baridi yaliyofuata. Kifua. Hakuionja. Wanaposema siku hizi kwamba Lazhari aliuzuia mchanga, na kwamba Lazhari aliuita mchanga, wanasahau kusema hilo: hakuionja.

Abiria alizaa mwaka wa nne baadaye. Kichala kimoja, tende chache. Dhawia alinituma mtu niende. Nilimkuta jikoni, sahani mezani, tende zile nyekundu zimepangwa. Akanisukumia sahani.

"Ya kwanza ni yako, mama Mbarka," nikasema. "Si haki nianze mimi."

"Kula."

Nikala. Ganda jembamba. Utamu. Halafu ule ukakasi ulimini, ule ule.

"Jioni ile mliyoanza kuchimba," Dhawia akasema, "alirudi akaniambia, Mesbahi anasema ni kiu."

Nikabaki na kokwa mdomoni.

"Uliyajua?"

"Miaka yote."

"Mbona siku ile ya chumvi hukusema?"

"Nilitaka. Nilitoka nyumbani nimejiandaa kukuchana. Yeye akanikamata mlangoni. Akasema, ukimwambia atafungua kwa aibu, na mgongo ule ni wa baba yake, mwache afungue kwa moyo wake. Nikamwambia, huyo hana moyo. Akasema, anao, ila ni mwoga." Akachukua tende yake, akaitazama. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, Mesbahi. Hukuniambia hata siku ya mazishi."

"Nisamehe, dada yangu," nikasema. "Ni mimi niliyemwambia achimbe."

"Haya," akasema. "Sasa umesema."

Akala ya kwake. Tukaimaliza sahani polepole. Nilikuwa nimelishika kokwa kiganjani, lina joto, sijui niliweke wapi. Nikamuuliza. Dhawia, bila kuinuka, akanionyesha kwa kidevu ile kona karibu na mtungi.

"Tupa pale," akasema. "Huwezi kujua."